Shahada ya Mwaka 1433

Jumatano, 19 Juni 2013. Al-Hamra, Jeddah

Barua pepe ya chuo cha ualimu imefika! Nimeisoma nikiwa nimesimama kando ya ukuta wa jikoni, maana wai-fai ya hii nyumba haivuki hapo. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa mshangao, ya tatu kwa hasira.

Msajili, mama mmoja anayejiita Bi. Eucabeth, ananishukuru kwa maombi yangu. Halafu anasema kwamba kwa sheria mpya, shahada za masomo kwa posta zinatambuliwa kwa wanaotaka kusomea ualimu, lakini ni zile tu zilizotolewa kuanzia mwaka 2010. Yangu, anasema, imetolewa mwaka 1433. Anaomba maelezo ya kuridhisha. Mwisho wa kupokea maelezo ni Ijumaa, tarehe 12 Julai.

1433! Huyu mama hajui kwamba nchi hii ina kalenda yake? Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwaka 1436 na hakuna polisi aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mzimu.

Nikamwonyesha Wesley, mlinzi wa geti, ambaye tunalala naye chumba kimoja. Badala ya kunipa pole alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mwaka huo hata Wareno hawakuwa wamefika Mombasa, kwa hivyo mimi ndiye msomi wa kwanza wa Afrika Mashariki. Na shahada yenyewe ni ya Historia na Kiswahili! Mtu hana adabu kabisa.

Rosebellah, anayefanya kazi za ndani, hakucheka. Hilo liliniudhi zaidi. Mimi na yeye tulisoma pamoja kwa posta miaka minne, wakati familia hii ilikuwa inakaa Riyadh. Mitihani tulifanyia huko huko, mtaa wa Batha, kwenye kituo cha Mzee Ephraim, ghorofani juu ya duka la mablanketi. Yeye ameshapata nafasi chuoni tangu wiki jana. Karatasi yake ina tarehe mbili, ya huku na ya kwetu. Akanikumbusha kwamba siku ya kuchukua karatasi, Mzee Ephraim alimuuliza kila mtu anataka tarehe gani. Yeye alisema zote mbili. Mimi nilisema ya huku peke yake, kwa sababu ilikuwa ndefu na ilionekana ya kiserikali. Ni kweli nilisema hivyo. Lakini kulikuwa na haja gani ya kunikumbusha mbele ya Wesley?

Akanishauri nimpigie Mzee Ephraim aandike barua ya kueleza. Simu moja tu, akasema. Simu moja! Mambo makubwa ya kisheria hayaendi kwa simu moja. Kuna kitu anaficha.

Naweka hapa wazi ili nisijidanganye. Mkataba wangu wa udereva unaisha mwisho wa Agosti. Mkataba mpya wa miaka miwili uko ndani ya gari, kwenye bahasha, pale kwenye kisanduku cha mbele. Nautembeza Jeddah nzima kila siku. Baba, yaani bosi wetu, anataka jibu kabla ya katikati ya Julai. Nikiingia chuoni Septemba, nasoma mwaka mmoja, halafu nafundisha shule ya sekondari ya pale kwetu Vihiga. Binti yangu Stacy yuko darasa la nane. Akiwa kidato cha pili atanikuta mbele ya darasa nimeshika chaki. Nilimwahidi. Nilipoondoka alikuwa anang'oa meno ya utoto.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya mapumziko. Nimepata njia! Rahisi mno. Nitaibadilisha tarehe mwenyewe.

Kabla mtu hajaniita mghushi: huku si kughushi, ni kutafsiri. Mwaka 1433 ni mwaka 2012. Nikiandika 2012 nimesema ukweli ule ule kwa nambari nyingine. Nimemweleza Wesley hoja hii na akakosa la kujibu, au alikuwa amelala.

Nikachukua dawa nyeupe ya kufutia iliyokuwa kwenye droo ya watoto. Nikatoa karatasi halisi. Wesley alisema nitoe nakala kwanza. Nikamwambia mtu mwenye mkono thabiti hahitaji nakala.

Dawa ilikuwa imezeeka. Ilitoka tone kubwa kama uji. Likafunika 1433, likafunika mwezi, likateremka polepole hadi kwenye jina langu, Hezekiah. Nikapangusa. Kosa! Ikasambaa. Nikakimbia kwa Rosebellah kuomba mashine ya madam, mke wa bosi, ya kukaushia nywele, nikasema ni ya kiatu changu. Nikaiwasha moto wa juu kabisa. Karatasi ikajikunja, dawa ikapasuka na kubanduka, na maandishi ya chini yakabanduka nayo.

Sasa nina shahada ya mtu anayeitwa Heze, asiye na tarehe.

Rosebellah alikuja kuchukua mashine akaiona karatasi mezani. Aliiangalia tu, akaniangalia mimi, akaondoka na mashine yake. Afadhali angecheka.

Jumapili, 23 Juni

Nimetumia njia ya sheria. Nimemwandikia Bi. Eucabeth barua ndefu, kurasa tatu, nikianza na historia ya kalenda tangu kuumbwa kwa dunia. Nikasema kunikataa ni kuvunja sheria hiyo hiyo anayoitaja. Mwisho nikaandika kwamba mambo yangu yote sasa yako mikononi mwa wakili wangu, Bw. Wesley, wa Jeddah.

Wesley alikubali kuwa wakili kwa sharti kwamba nitazoa takataka zamu yake wiki mbili. Alitia sahihi nzuri sana, yenye mkia. Nilistaajabu. Mlinzi wa geti na sahihi ya jaji!

Jumatatu, 24 Juni

Bi. Eucabeth amejibu mistari miwili. Anasema amefurahi kusikia habari za kuumbwa kwa dunia, lakini bado anahitaji barua moja kutoka mahali nilipofanyia mtihani.

Kwa hivyo lazima Riyadh. Lazima niende mwenyewe, nisimame mbele ya Mzee Ephraim, nipewe karatasi mpya na muhuri. Ule muhuri anaufunga kiunoni kwa kamba, hauondoki hata akienda msalani. Kumpigia simu nitaeleza nini? Kwamba karatasi aliyonipa nimeipika? Hapana. Uso kwa uso nitabuni kitu.

Leo nyumba nzima inazungumza habari moja: serikali imebadilisha wikendi. Kuanzia wiki hii watu watapumzika Ijumaa na Jumamosi, si tena Alhamisi na Ijumaa. Rosebellah ndiye aliyeniletea habari hiyo, huku akipepeta mchele. Akaongeza kwamba kama nina shughuli ya ofisi Riyadh nisiende Jumamosi, niende Jumapili.

Nani alimwambia nina shughuli Riyadh? Na nchi gani hubadilisha wikendi katikati ya mwezi? Miaka sita nimekaa hapa, Mzee Ephraim hufungua Jumamosi saa tatu asubuhi, kama jua. Huyu dada anataka nichelewe siku moja. Nimemwambia asante kwa sauti ambayo aliielewa.

Jumanne, 25 Juni

Siku ya mambo mawili makubwa.

La kwanza. Nilipita karibu na dirisha la jikoni nikamsikia Rosebellah kwenye simu. Anazungumza na mtu wa Riyadh! Alitaja jina langu. Alitaja karatasi yangu. Alisema, kwa masikio yangu haya, kwamba nimeiharibu kabisa na kwamba naona haya kusema mwenyewe. Halafu akasema tafadhali iandikwe haraka na itumwe moja kwa moja chuoni.

Ananishtaki! Ameshapata nafasi yake, na bado anataka kuniangusha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Lakini mimi si mtoto. Ndani ya nusu saa nilikuwa kando ya ukuta wa jikoni nikimwandikia Bi. Eucabeth. Nikamtahadharisha kwamba barua yoyote ihusuyo shahada yangu itakayotoka Riyadh bila sahihi yangu mimi mwenyewe, aichukulie kuwa ya uongo na aiweke kando. Nikasema haya ni maagizo ya wakili wangu pia. Wesley akaweka mkia wake. Nimelala usingizi mzuri wa mchana, wa kwanza tangu Jumatano.

La pili. Ruhusa ya kusafiri. Baba ni mtu mwema lakini hatoi gari wala dereva bila sababu. Nilimkuta sebuleni na kahawa yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema nina mgonjwa. Macho yake yalikuwa ya upole mno, mdomo ukateleza, nikasema nimefiwa na mjomba Riyadh. Akasimama. Akanishika mabega. Akauliza jina la marehemu.

Jina! Sikuwa nimefikiria jina. Mkononi nilikuwa nimeshika ile karatasi iliyojikunja, na mahali pekee palipokuwa bado panasomeka vizuri ni chini, kwenye sahihi. Nikasema Ephraim.

Baba akamwombea. Akanipa ruhusa Ijumaa hadi Jumatatu. Akaniuliza msiba uko mtaa gani, nikasema Batha, karibu na duka la mablanketi. Wakati natoka nilimsikia akipiga simu kwa mtu. Sikujali. Mpango umekamilika kila upande!

Ijumaa, 28 Juni. Ndani ya basi

Safari ya Riyadh. Jirani yangu ni fundi mmoja wa mabomba, anakula mbegu za alizeti na kutemea kwenye glasi. Nimempigia Stacy tulipokuwa bado na mtandao. Nikamwambia baba yako anafuata muhuri, na muhuri ukipatikana, mambo yamekwisha. Akauliza kama nikiwa mwalimu wake nitamchapa akikosea. Nikasema nitamchapa zaidi ya wengine ili wasiseme napendelea. Akacheka sana. Mama yake, Roseline, akachukua simu na kuniuliza kwa nini sikupiga tu simu huko Riyadh. Wanawake wote wamekutana wapi kukubaliana jambo hili?

Jumamosi, 29 Juni. Batha, Riyadh

Sijui nianzie wapi.

Nimefika saa tatu kasoro. Batha ni ile ile, mabegi yametundikwa mpaka juu, watu wanatuma hela kwao, harufu ya vitunguu na vumbi. Nikapanda ngazi. Mlango wa kituo umefungwa! Kufuli kubwa. Nikabisha. Nikamngoja Mzee Ephraim saa nzima nimekaa kwenye ngazi. Muuza mablanketi akanieleza, kwa huruma, kwamba kuanzia leo Jumamosi ni wikendi.

Sitamwandika Rosebellah hapa.

Niliposhuka chini ili nifikirie, gari kubwa jeupe likasimama mbele ya duka. Akatoka Mwarabu mmoja mzee mwenye bakora, na nyuma yake vijana wawili wamebeba sinia la wali na kondoo mzima, sinia ambalo haliwezi kupita mlango wa kawaida. Na birika mbili za kahawa. Ni Abu Nawaf, kaka yake bosi! Ile simu ya Jumanne! Baba alikuwa amemwagiza ndugu yake apeleke chakula kwa wafiwa, kama desturi yao inavyotaka, maana nyumba yenye msiba haipiki.

Nilijificha nyuma ya mablanketi. Abu Nawaf hakuniona, lakini akauliza kwa sauti kubwa, kwa Kiarabu, uko wapi msiba wa Ephraim Mkenya.

Pale nje kulikuwa na Dominic, kijana wa Siaya anayefanya kazi ya mjengo, ambaye naye alisomea kwa Mzee Ephraim. Anajua Kiarabu. Nilimwona uso ukimbadilika. Akaangalia juu, akaona kufuli. Jumamosi, saa nne, na mlango wa Mzee umefungwa! Kitu ambacho hajawahi kukiona tangu aje Riyadh. Naye pia hakuwa na habari za wikendi. Akaweka mikono kichwani akapiga yowe.

"Wueh! Mzee wetu ametuacha! Ni nani sasa atatupigia muhuri?"

Unajua Wakenya na msiba. Ndani ya robo saa walikuwa watu kumi na tano, na wengine wanakuja. Kabla ya saa tano kulikuwa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ni Dominic, na katibu mwenye daftari, na sauti nne za kwaya. Mtu akaleta picha ya Mzee Ephraim iliyokuwa kwenye simu, ikachapishwa pale kwenye duka la picha, ikabandikwa mlangoni kwenye kufuli na kuzungushiwa maua ya plastiki.

Nilipotoka nyuma ya mablanketi nilikuwa nimekusudia kusema ukweli. Naapa. Lakini Abu Nawaf aliniona, akanitambua kuwa dereva wa ndugu yake, akanikumbatia mbele ya watu wote na kuwatangazia kwamba mimi ndiye mpwa wa marehemu. Dominic akanikumbatia pia, analia. Akasema hakujua kwamba Mzee alikuwa mjomba wangu, ndiyo maana nilipata alama nzuri.

Halafu jambo la ajabu likatokea. Niliangalia ile picha, nikaangalia kufuli, nikawaza, itakuwaje kama ni kweli? Nami nikalia. Nililia machozi ya kweli. Tukakaa chini tukala. Kondoo alikuwa laini sana.

Jumapili, 30 Juni. Batha

Mzee Ephraim alikuja kazini saa tatu kamili.

Nilikuwa chini na kamati. Tulimwona akitokea upande wa soko la viatu, na mfuko wa mkate mkononi, anatembea haraka kama kawaida yake. Katibu alidondosha daftari. Mwimbaji wa sauti ya pili alikimbia na hajarudi mpaka sasa. Mzee akapanda ngazi bila kutusalimia, akakuta picha yake na maua. Akatugeukia kule chini. Halafu akauliza ni nani aliyefanya haya.

Vidole vyote vikanielekea. Na la kushangaza, cha Dominic ndicho kilikuwa cha kwanza.

Nilimwita Mzee, nikamshika mkono, nikajaribu kueleza tangu mwanzo: wikendi, mjomba, baba, sahihi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyopandwa na hasira. Akasema tangu jana jioni mke wake huko Kisii anapigiwa simu za pole. Akasema shemeji zake wameshaanza kuulizia shamba. Nikamwomba radhi. Na kwa kuwa nilikuwa nimesafiri mbali, nikaona nitaje na ile karatasi mpya.

Akashika muhuri wake pale kiunoni, akaufunika kwa kiganja. Akasema maiti hatii sahihi. Akasema wiki hiyo hiyo alikuwa ameshanitendea wema mmoja, na shukrani yangu ni kumzika, kwa hivyo nisitegemee wa pili. Sikuelewa alimaanisha wema gani. Nadhani hasira ilimchanganya.

Kamati imevunjwa. Dominic amenidai nimrudishie machozi yake.

Jumanne, 2 Julai. Jeddah

Nimerudi. Baba amenipokea getini mwenyewe. Amenipa gunia la mchele nimpelekee mjane wa Ephraim. Nimelipokea kwa mikono miwili. Wesley tayari amelifungua.

Siku kumi zimebaki. Sina karatasi, sina muhuri, nina mchele. Leo nikimpeleka madam Al-Nuzha kwa dada yake nilikuwa nafikiria uso wa Stacy mpaka nikapita taa nyekundu. Madam alipiga kelele. Nikasema halas, basi, samahani madam, nimefiwa. Akanyamaza. Nimejionea aibu.

Jumatano, 3 Julai

Barua kutoka kwa Bi. Eucabeth. Nainakili neno kwa neno, kwa sababu siku moja nitataka kujua kwamba niliisoma kweli.

"Ndugu Hezekiah, tarehe 26 Juni tulipokea barua kutoka kituo chako cha mtihani, Riyadh, yenye muhuri, ikieleza kwamba 1433 ni mwaka 2012 na kwamba karatasi yako halisi imeharibika kwa bahati mbaya. Barua hiyo ilitosheleza kabisa. Hata hivyo, siku moja kabla, wewe na wakili wako mlituagiza kwa maandishi kwamba barua ya namna hiyo ni ya uongo. Tumeiweka kando kama mlivyotaka. Tutampigia mtia sahihi ili tupate ukweli kutoka kwake."

Nimekaa kwenye gari, injini imezimwa, joto la kuua. Ilitosheleza kabisa. Kabisa!

Nikaenda jikoni. Rosebellah alikuwa anamenya biringani. Nikamuuliza ni nani alimpigia Mzee Ephraim ile Jumanne. Akasema ni yeye, nani mwingine? Alimbembeleza Mzee aandike barua haraka na kuituma moja kwa moja chuoni, kwa vile aliona ile karatasi iliyojikunja na akajua sitathubutu kumwambia. Hakutaka kunitangazia, akasema, mimi ni mtu wa heshima zangu. Alidhani ningefurahi chuo kikinijibu.

Nikamwambia nilichofanya. Aliacha kisu.

"Aki Mwalimu," akasema, polepole. Ni yeye peke yake hapa ananiita Mwalimu. Wengine nimewaomba na hawataki.

Nilitaka ardhi inimeze. Simu moja ilitosha, na aliipiga yeye, na mimi nikaikata kwa mkono wangu.

Ijumaa, 5 Julai

Bado kuna tumaini. Bi. Eucabeth atampigia Mzee. Mzee akisema tu ndiyo, nimepona. Nimempigia Mzee mara kumi na moja. Hapokei. Nimemtumia ujumbe wa kumtakia maisha marefu. Rosebellah naye amempigia, akapokea, wakaongea vizuri mpaka alipotaja jina langu.

Wesley anasema ningemtumia lile gunia la mchele. Limebaki nusu.

Jumanne, 9 Julai

Kesho Ramadhani inaanza. Nyumba imejaa tende na sufuria. Barua imefika wakati napakua maboksi.

Bi. Eucabeth anasema wamempigia mtia sahihi huko Riyadh kama walivyoahidi. Wamejulishwa, na mtia sahihi mwenyewe, kwamba kwa mambo yote yanayomhusu Hezekiah yeye ni marehemu. Chuo hakina utaratibu wa kuthibitisha barua kwa marehemu. Maombi yangu yamefungwa kwa mwaka huu. Amemalizia kwa kunipa pole kwa msiba.

Nilipiga simu nyumbani kusema itabidi nichukue mkataba mpya. Roseline alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hunitisha. Halafu akasema miaka miwili ni mingi, Hezekiah. Ninajua ni mingi. Mimi ndiye ninayeihesabu.

Ijumaa, 12 Julai

Leo ndiyo siku ya mwisho ya chuo. Leo pia nimetia sahihi mkataba. Miaka miwili. Baba alikuwa amefunga, mdomo umemkauka, lakini alifurahi sana. Akasema baada ya Idi atakwenda Riyadh na angependa kuwaona mayatima wa Ephraim. Akauliza wako wangapi.

Nikasema watano.

Rosebellah anaondoka Agosti. Mazoezi yake ya kufundisha atayafanyia shule ile ile ya kwetu, ile Stacy anakwenda mwakani. Alikuja getini kuniambia, akasimama pale na aproni yake, akaahidi atamwangalia Stacy kama wake na kumkaza kwenye Kiswahili. Nilimpa Stacy habari hiyo kwa simu. Akauliza huyo mwalimu ni mkali? Nikamwambia ni mwalimu mzuri, amsikilize, kila anachomwambia ni kweli. Ilinichoma kusema hivyo. Halafu Stacy akasema basi mwakani mwingine, Baba. Nikasema ndiyo, mwakani mwingine, nikakata simu haraka.

Lakini mwanamume halali chini. Nimefikiria sana tatizo langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Tatizo lilikuwa wakili! Wesley hana elimu ya sheria hata kidogo. Ningekuwa wakili mimi mwenyewe, Bi. Eucabeth angethubutu? Kwa hivyo nimeomba kusomea shahada ya sheria. Kwa posta. Miaka miwili ninayo, gari ninalo la kusomea ndani nikimngoja madam.

Fomu nimeijaza jioni hii kwenye meza ya jikoni, kwa wino mweusi, herufi kubwa, sikuacha nafasi hata moja. Mahali pa tarehe nimeandika 3 Ramadhani 1434. Inapendeza sana, ndefu, ya kiserikali. Rosebellah alipita na sinia la sambusa za futari, akachungulia juu ya bega langu, akaniambia kwa upole niandike na 12 Julai 2013 pembeni.

Ana wivu tu, kwa sababu ya sheria.